Kifungu cha Ugonjwa

Matiliku,
Jumapili, saa kumi alasiri

Mwanangu Mutinda,

Salamu tuziache, maana leo asubuhi tumekunywa chai pamoja na kesho nitakusindikiza mpaka stendi. Umeenda kumuaga Susu yako, na namjua mama mkwe wangu, hatakuachilia kabla hujammaliza kuku mzima. Basi nina saa mbili hivi kabla hujarudi, nina karatasi za daftari la shule, na nina hasira. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya darasani, kwa sababu nikianza kwa Kikamba nitalia kabla ukurasa wa kwanza haujaisha na hutasoma kitu.

Sitakuambia jinsi ya kufua shati wala jinsi ya kuchagua marafiki. Una miaka ishirini, na mambo hayo kama hukuyapata hapa nyumbani huwezi kuyapata kwenye barua. Nataka tuzungumze juu ya ile fomu ya daktari uliyoletewa na chuo, na juu ya neno moja uliloliandika juzi mezani kwangu, mimi nikiwa nimesimama nyuma yako na birika mkononi.

Nikukumbushe ilivyokuwa. Ulikuwa umejaza jina, umejaza chanjo, umejaza kama umewahi kuvunjika mfupa. Baba yako mkubwa Muthama alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, kofia gotini, amekuja kukuombea safari kama mzee wa kanisa na kama mkubwa wa familia.

Ukamwuliza, "Uncle, hapa wanataka kujua kama kwa family kuna mtu alikuwa na sukari, ama presha, ama ugonjwa ya moyo."

"Andika hakuna," akasema. "Hawa watu ya college wanauliza mambo mingi. Kwetu mtu akienda, ameitwa na Mungu."

"Hata baba?"

"Asi! Baba yako alikuwa na nguvu kama ng'ombe ya kulima. Andika hakuna, tumalize, tuombe."

Ukageuka ukanitazama. Nami nikamimina chai. Ukaandika "Hakuna", ukapiga mstari chini yake, tukafumba macho tukaomba. Nilisema amina pamoja nanyi.

Jana nilipokuwa nakupangia sanduku nilitoa Biblia yako nje ili niitandikie kitambaa, ikaanguka karatasi. Niliijua kabla ya kuiokota. Ni historia ya marehemu baba yako, ile iliyosomwa siku ya mazishi, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kukatika. Kumbe umeitunza miaka tisa. Niliketi kitandani kwako nikaisoma: "Kimeu alikuwa mtu mwenye afya njema, hakuwahi kulazwa hospitalini hata siku moja. Asubuhi ya Jumamosi Bwana alimwita ghafla, naye akaitika." Mwandiko ule ni wangu. Sauti iliyousoma kaburini ilikuwa yangu, na wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, umesimama mbele yangu na sweta ya shule, unasikiliza kila neno.

Kwa hiyo hukudanganya kwenye ile fomu. Ulijibu ulichofundishwa, na aliyekufundisha ni mimi.

Unajua desturi yetu. Mtu akifa, kabla ya mchungaji kuhubiri, inasomwa karatasi: alizaliwa wapi, aliokoka lini, alisoma wapi, alimwoa nani, ameacha watoto wangapi. Halafu kinakuja kifungu cha ugonjwa, na hapo watu wote hunyamaza, hata wanaopika huacha kugonga vijiko, kwa sababu kila mtu anataka kusikia kilichomuua. Mimi nilipoolewa hapa nikitoka Migwani nilikuwa mwalimu peke yangu katika ukoo huu. Wakaona nina mwandiko mzuri na sauti inayofika nyuma, wakanipa kazi hiyo. Nilijivunia. Bibi-arusi mgeni, wazee wameketi, na mimi ndiye nina kalamu.

Ya kwanza niliyoandika ilikuwa ya babu yako, huyo uliyepewa jina lake. Wewe ulikuwa bado unajifunza kutembea. Alikuwa na bucha hapa sokoni, mtu mkubwa, mwenye tumbo ambalo watu walilisifu njiani. Alikanyaga mwiba shambani. Mwiba ukatoka, kidonda kikabaki, mwezi ukapita, kidole kikawa cheusi. Hospitali ya wilaya walikikata kile kidole na kumwambia ana ugonjwa wa sukari. Alirudi nyumbani akauficha mguu kwenye buti la mpira na kuendelea na nyama yake. Aliangukia nyuma ya kaunta ya bucha miezi michache baadaye, hata kisu hakukiachia. Nikaandika yote hayo kwenye kifungu cha ugonjwa: sukari, kidole, moyo kusimama, kama tulivyoambiwa hospitalini. Nilidhani ndiyo kazi niliyopewa.

Muthama akaichukua ile karatasi, akaisoma, akaniomba kalamu. Alichora mstari juu ya sentensi zangu tatu, taratibu, kama mtu anayepanda mahindi.

"Mwalimu," akaniambia, "dada zetu wawili hawajaolewa. Ukisoma hii mbele ya watu, ni nani atakuja kuleta mahari? Watasema damu yetu imeharibika."

Nikanakili upya. Nikaandika kwamba mzee alikanyaga mwiba, akaugua kidogo, akapumzika. Watu waliniambia nimesoma vizuri sana.

Ya pili ilikuwa ya Ndonye, mdogo wake baba yako. Alikuwa dereva wa lori la mchanga. Yeye unamkumbuka kidogo, alikuwa akikubeba mabegani. Huyu alikuwa na presha, na alipewa vidonge akavimeza wiki mbili, akajisikia vizuri, akaviacha. Alikutwa ameegemea usukani huko Kathonzweni, lori limezimwa, breki imevutwa, kama mtu aliyeegesha vizuri apumzike. Hakuwa amefika miaka arobaini. Safari hii hata sikungoja Muthama aniombe kalamu. Niliandika "alianguka ghafla" moja kwa moja, kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa nimekwisha kujifunza.

Sasa baba yako. Nimeinuka nikachungulia dirishani mara mbili kabla ya kuandika sentensi hii, ili nione kama unarudi.

Baba yako alikuwa karani wa ghala la pamba, unajua, kazi ya kukaa. Kila mwaka alikuwa akiongezeka mwili na kila mwaka watu walikuwa wananipongeza mimi. "Mke wa Kimeu anajua kulisha," walisema, na mimi nilitabasamu mpaka masikioni. Halafu akaanza kiu. Alikuwa akimaliza mtungi mzima na kutoka nje kila mara. Siku moja asubuhi nikaona siafu, hapana, wale sisimizi wadogo weusi, wamejaa nyuma ya choo mahali alipozoea kukojoa akiona uvivu wa kuingia ndani. Msururu mzima. Nilijua mkojo wake una sukari. Mama mkwe wangu alikuwa ameniambia zamani kwamba waliwaona hao hao kwa babu yako. Nikaenda jikoni nikachota jivu, nikamwaga pale, nikafagia, ili jirani asije akaona.

Nimefundisha watoto wa watu sayansi miaka ishirini na mbili, na nilipoona ushahidi mbele yangu niliufunika kwa jivu.

Baadaye alikubali tuende hospitalini, kwa sababu macho yalikuwa yanamfifia akisoma vitabu vya ghala. Daktari alikuwa kijana, mpole, na alituuliza swali lile lile la fomu yako. "Kwenu kuna mtu mwingine mwenye sukari? Kuna aliyekufa ghafla akiwa bado na nguvu?" Baba yako akajibu, "Hakuna." Mimi nilikuwa nimeketi kando yake, mkoba wangu magotini, mwandishi wa historia zote mbili. Nilikaa kimya. Yule daktari akaandika kwenye kadi alichoambiwa, akatupa vidonge, akamwambia apunguze chakula, atembee, arudi kila mwezi. Angejua juu ya babu na Ndonye labda angemshika kwa nguvu zaidi, angempima moyo, angetutisha kidogo. Sijui. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sitajua kamwe.

Kwa mwaka mmoja baba yako alijitahidi, na hilo nataka ulijue, usije ukadhani alikuwa mzembe. Alitembea kwa miguu kwenda ghalani na kurudi. Alikula muthokoi wa mahindi na kunde, chai alikunywa bila sukari, akakunja uso kila funda na kuniambia eti imekolea. Alipungua. Suruali zake nilizikaza kiunoni mimi mwenyewe. Macho yakarudi kuona.

Halafu ikaja ile njaa ya mahindi ya njano ya msaada, kila mtu akapungua, na hakuna aliyemtazama. Lakini mvua iliporudi na watu wakaanza kunenepa tena, yeye alibaki mwembamba, na hapo maneno yakaanza. Susu yako alizika watoto wawili katika njaa za zamani, na kwake yeye mtoto mwembamba ni mtoto anayekufa. Alikuja hapa akaketi jikoni kwangu mbele ya wanawake wa kanisa. Akasema, "Mwalimu anakula mshahara na mwanangu amebaki mifupa. Hata sukari ya chai anamnyima." Wale wanawake wakaangalia chini. Mutinda, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Ningeweza kusema, "Mama, mwanao ana sukari kama mumeo." Ni maneno machache tu. Badala yake niliweka vijiko vinne kwenye kikombe cha baba yako mbele yao wote, nikamletea. Akanitazama, akanywa, akasema asante.

Tangu siku hiyo nilipika kwa ajili ya macho ya watu. Ngima kubwa ya unga wa mahindi, nyama ya mafuta, chai tamu. Alinenepa tena, watu wakafurahi, Susu yako akaniita "binti yangu". Vidonge vilipokwisha hatukuvifuata. Sikumwua baba yako, sisemi hivyo, na wewe usiseme hivyo, maana na yeye alikuwa na mdomo wake na akili yake. Lakini nilikuwa na mkono ndani ya jambo hilo, na mkono huo ndio ulioandika kwamba alikuwa na afya njema.

Ile Jumamosi ilikuwa Julai, unakumbuka baridi yake. Wewe ulikuwa unatafuta kiatu. Aliamka akasema kifua kinambana, labda ni ile nyama ya jana, na taya inamuuma kama jino. Nikamwona anatoka jasho. Kila mtu amejifunga shuka na yeye shati limelowa mgongoni. Nikamwambia ni kiungulia. Nilichukua magadi yale ya kulainisha maharagwe, nikakoroga kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, akanywa. Akacheua. Akasema, "Afadhali." Kulikuwa na harambee ya kanisa na yeye ndiye aliyekuwa wa kutangaza, kwa hiyo akavaa koti. Gari la mwalimu mkuu lilikuwa limesimama pale shuleni, hatua chache kutoka hapa, na lingemfikisha hospitalini. Sikuliomba, kwa sababu ni nani anayeazima gari kwa ajili ya kiungulia?

Alifika mpaka kwenye uzio wa kanisa. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Siku ya pili Muthama alikuja na karatasi tupu, akaiweka mezani, akasema, "Mwalimu, tunajua ni ngumu, lakini hakuna mwingine anayeweza." Nikaandika. Hakufuta hata neno moja. Hakukuwa na la kufuta.

Basi ndiyo maana jana, baada ya ile karatasi kuanguka kutoka kwenye Biblia yako, nilivaa leso nikaenda kwake. Nilimkuta chini ya paa la ghala anatengeneza jembe. Nilimwambia kwamba lile jibu la fomu ni uongo na kwamba nitakuandikia kila kitu kabla hujapanda basi. Alisimama. Ananipita kimo, unamjua.

"Mwalimu, wacha hiyo maneno. Kijana anaenda kusoma, wewe unataka kumfunga mawe kwa shingo?"

"Baba yake alifungwa hayo mawe na hakuna aliyemwambia ni mazito."

"Wewe umeolewa hapa," akasema. "Hii damu unayosema mbaya si yako."

"Damu si yangu," nikamjibu, "lakini mtoto ni wangu."

Nilipaza sauti, mwanangu. Mke wake alitoka jikoni. Mimi ambaye nimemwita mzee huyu kwa heshima tangu nilipoingia kwenye boma hili, nilimwambia kwamba amezika watu watatu kwa kalamu yangu na hatazika wa nne. Nilimwambia kwamba juzi, tulipokuwa tunajaza fomu, alitoka nje mara tatu katika muda wa kikombe kimoja cha chai, na maji aliyokunywa niliyahesabu. Akaketi tena juu ya lile gogo lake akashika jembe, lakini hakuligonga. Niliona uso wa mtu anayejua na anayeogopa, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia, ingawa hasira haikuisha na mpaka sasa haijaisha. Nilimwambia Jumanne nitampeleka kupimwa mimi mwenyewe. Hakusema ndiyo, lakini hakunifukuza.

Nimekasirika naye, na Susu yako, na wale waliosifu matumbo ya wanaume wetu kana kwamba ni shamba lililozaa. Nimekasirikia kila mazishi niliyosimama nikisema "ghafla". Hakuna lililokuwa la ghafla. Babu yako alichukua miaka, Ndonye miaka, baba yako miaka, na dalili zilikuwa zinapita mlangoni kwetu mchana kweupe. Ila zaidi ya wote nimejikasirikia mwenyewe, kwa sababu wengine hawakujua maana ya maneno ya kadi ya hospitali na mimi nilijua.

Sijui kama na wewe umerithi. Inawezekana hukurithi. Baba yangu kule Migwani ana zaidi ya miaka themanini na bado anapanda punda, na una miguu yake. Lakini una mabega ya baba yako na jina la babu yako, na nikikuona unamaliza gilasi ya maji na kuomba nyingine, nageuza uso usije ukaniona. Sitaki kuishi hivyo. Nenda ukapimwe mkojo na presha huko huko chuoni, wiki hii ya kwanza, na uwe unarudia kila mwaka hata ukijisikia simba. Siku kifua kikikubana na jasho likikutoka kwenye baridi, usitafute magadi, tafuta gari, na ukiwa huna gari piga kelele. Msichana utakayempenda mwambie mapema. Akikimbia kwa sababu hiyo, mwache akimbie. Na Susu akikuwekea vijiko vinne vya sukari ukirudi likizo, kama ninavyojua anakuwekea sasa hivi ninapoandika, mwambie hapana kwa upole na umwambie sababu. Mimi nilishindwa kumwambia. Labda kutoka kwako ataipokea, maana wewe ni mume wake mdogo na hukasirikiwi.

Sasa nina jambo la kukiri. Nimefungua bahasha ya chuo na kuitoa ile fomu. Nimechukua kalamu yangu nyekundu, ile ya kusahihisha, nikakata neno "Hakuna". Juu yake nimeandika: Babu, sukari na moyo. Baba mdogo, presha na moyo. Baba, sukari na moyo, miaka arobaini na sita. Nafasi haikutosha, nimeandika mpaka pembeni. Najua fomu imechafuka. Wakikuuliza, waambie mama yako ni mwalimu na hawezi kuliona kosa akaliacha.

Ile karatasi ya mazishi nimeitoa kwenye Biblia na kukuwekea nyingine badala yake. Ni historia ile ile ya baba yako: alivyopenda kuimba besi, alivyotembea kwenda ghalani akiwa amekaza suruali, alivyokunywa chai chungu akinidanganya kwamba imekolea. Kifungu cha ugonjwa kimo chote, na magadi yamo. Ya zamani nimeitia motoni chini ya sufuria ya chakula chako cha jioni.

Nakusikia unapiga mluzi kule kwenye mparachichi wa jirani, kwa hiyo nafunga. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku chini ya mashati, uisome ukifika.

Nimeandika historia tatu za wanaume wa nyumba hii, Mutinda, na nilizisoma zote bila kutetemeka. Ya nne sitaiandika. Hii iliyobaki ni yangu, na ni wewe utakayeiandika, ukiwa mtu mzima mwenye mvi, na wajukuu wangu wamekuzunguka. Usinisifu sana. Ukifika kwenye kifungu cha ugonjwa, soma kwa sauti inayofika nyuma.

Ni mimi, mama yako,
Mwaitu